Sevilla mwezi wa nne: mji aliozaliwa Velázquez, mbona picha zake hazipo?

#1 Kobe Mwendo
Wakuu, salaam.

Naishi Uholanzi. Mwezi wa nne nilijipa mapumziko mafupi Sevilla, kusini mwa Hispania, nikiwa na mambo mawili tu kichwani: kula na kuangalia picha. Upande wa kula sina lawama. Shida ni picha.

Diego Velázquez kazaliwa Sevilla mwaka 1599, kabatizwa kanisa la San Pedro hapo hapo mjini, kafundwa uchoraji na Francisco Pacheco hapo hapo, na mwaka 1618 kamuoa binti wa mwalimu wake. Sanamu yake imesimama Plaza del Duque katikati ya maduka. Sasa nenda Makumbusho ya Bellas Artes umtafute: nimekuta padri mmoja, Cristóbal Suárez de Ribera, picha ya 1620, na kichwa cha mtume. Nikavuka hadi Hospital de los Venerables mtaa wa Santa Cruz, nikakuta Santa Rufina na San Ildefonso, nikaambiwa na hiyo Rufina imerudi juzi tu, ilinunuliwa mnadani London mwaka 2007.

Wakati huo huo picha alizochora akiwa kijana Sevilla, zile za jikoni na sokoni, ziko Edinburgh, Dublin na London. Ilikuwaje? Wanaojua waseme.

#2 Chumvi Nyingi
Jibu fupi: Wafaransa. Jeshi la Napoleon liliingia Sevilla mwaka 1810, jenerali wake Marshal Soult akageuza Alcázar, jumba la kifalme, kuwa bohari la picha. Zilikusanywa karibu elfu moja kutoka makanisani na kwenye nyumba za watawa. Uzi ufungwe.

#3 Pwani Kavu
Niko siti ya mbele na kahawa yangu. Mleta uzi, hayo ya Soult baadaye. Ulikula nini?

#4 Mpaka Rangi
Chumvi Nyingi usifunge uzi wa watu. Soult alipora kweli, lakini aliyemtamani zaidi ni Murillo, mchoraji mwingine wa Sevilla, si Velázquez. Nenda Hospital de la Caridad uone. Murillo aliwachorea mfululizo wa matendo ya huruma, Soult akabeba, na nne hazijarudi hadi leo: moja London, moja Washington, moja Ottawa, moja St Petersburg. Zinazoning'inia pale ni nakala. Na ile Bikira Maria kubwa aliyoitoa Venerables aliishi nayo Paris, alipokufa ikauzwa mwaka 1852 kwa Louvre kwa faranga zaidi ya laki sita, fedha ya kutisha enzi hizo. Ilirudi Hispania mwaka 1941, lakini iko makumbusho ya Prado, Madrid. Sevilla wamebaki wanaisimulia tu.

Velázquez ni kesi nyingine. Mwaka 1623 alihamia Madrid kuwa mchoraji wa mfalme Philip wa Nne, hata miaka 25 hajafika. Akafa 1660. Kazi zake zote zinazokubalika ni kama 120 hivi, na nyingi alizichora ikulu. Sasa Sevilla ingekuwa na nini?

#5 Kobe Mwendo
Pwani Kavu, mchicha wa kizungu na dengu kubwa, wanaita espinacas con garbanzos, una bizari ya pilau ya kutosha na kipande cha mkate uliokaangwa pembeni. Nilikula kila siku. Pia samaki chewa wa kukaanga kwenye unga, na torrijas: boflo linalochovywa kwenye maziwa au divai, likavishwa yai, likakaangwa, likamwagiwa asali. Hizo ni za Kwaresima na Pasaka, ukienda mwezi wa kumi usizitegemee.

Mpaka Rangi, hoja yako haigusi swali langu. Mimi nauliza zile alizochora KABLA ya 1623. Hizo zilichorwa Sevilla, na ndizo zisizokuwepo.

#6 Binti Forodhani
Nani kasema kitimoto hakuna humo? Watu wenye mipaka yetu tuelezwe vizuri jamani, si kila mtu anaingia baa akapakua.

#7 Nyota ya Kusi
Dada Binti, niliishi Andalusia miaka kadhaa, nikupe ukweli. Nguruwe yuko hadi usipomtarajia. Salmorejo, ile supu nzito baridi ya nyanya na mkate, inakuja na vipande vya paja lililokaushwa juu yake, sema mapema usiwekewe. Vitamu vya kienyeji vingi vimekandwa kwa mafuta ya nguruwe. Hata huo mchicha, baa nyingine hutia vipande. Uliza "lleva cerdo?" kila sahani bila aibu. Salama zaidi ni samaki wa kukaanga, biringanya zenye asali ya miwa, zeituni, jibini, na gazpacho.

Na msile kwa saa zenu. Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa kumi. Baada ya hapo majiko yanazimwa mpaka saa mbili usiku au zaidi. Ukitoka makumbusho saa kumi na moja na njaa, utakula chipsi za pakiti.

#8 Kisu Butu
Nasikia Hispania unaagiza kinywaji na chakula kinakuja bure. Kobe Mwendo ulilipa? Pole.

#9 Kobe Mwendo
Nililipa. Sevilla unachagua ukubwa, tapa, media ración au ración, na kila kimoja na bei yake. Bure niliyopata ni zeituni.

#10 Nyota ya Kusi
Kisu Butu amesikia ya Granada. Granada, Jaén na Almería ndiko unakoagiza kinywaji kikaja na kisahani. Sevilla na Málaga unalipa. Kwa nini? Kila mtu ana hadithi yake. Wengine husema Granada ni mji wa wanafunzi, chuo kikuu kipo tangu 1531, kwa hiyo baa hushindana kwa kushibisha.

#11 Kisu Butu
Hiyo ya wanafunzi hainiingii. Sevilla na Salamanca nako kuna wanafunzi tele. Nilivyosimuliwa mimi ni kwamba kisahani kilikuwa kifuniko cha glasi ili nzi wasiingie, halafu mwenye baa akaweka kipande cha kitu juu yake, kikiwa na chumvi ili uendelee kunywa. Ni biashara tu hiyo, hamna ukarimu.

#12 Mpaka Rangi
Hiyo ya nzi kila mwongoza watalii anayo. Mwingine atakwambia mfalme Alfonso wa Kumi aliamuru divai isiuzwe bila chakula, mwingine atasema ni Alfonso wa Kumi na Tatu kule Cádiz, glasi ikafunikwa upepo usiingize mchanga. Wafalme wawili wanaopishana zaidi ya miaka mia sita, na wote wamefunika glasi. Chagueni.

Nirudi kwa Kobe. Picha za kabla ya 1623 nyingi hazikuwa za kanisani. Ni turubai za wastani zilizonunuliwa na watu binafsi kwa ajili ya nyumba zao. Kitu cha kanisani hukaa karne mbili. Kitu cha sebuleni kinarithiwa, kinauzwa, kinasafiri. Muuza maji wa Sevilla, yule mzee mwenye mtungi anayempa kijana glasi yenye tini ndani, aliondoka mapema kwenda Madrid. Akaja kuwa mali ya ikulu, ndugu wa Napoleon akamfungasha akikimbia, na mwaka 1813 kwenye vita vya Vitoria jenerali Mwingereza Wellington akaukamata mzigo. Mfalme halali wa Hispania aliporudi akamwambia baki nazo. Ndiyo maana picha ipo Apsley House, nyumba ya Wellington, London.

#13 Chumvi Nyingi
Kwa hiyo Mfaransa kaiba, Mwingereza kamnyang'anya mwizi, na mwenye mali kasema ahsante. Na bado mnaniambia si Wafaransa.

#14 Mama Seredani
Mimi sanaa sijui, nauza chakula. Nimeangalia kwenye mtandao hiyo ya bibi anayekaanga mayai, ya 1618. Watu wanaandika anayachemsha kwenye maji. Jamani! Sufuria la udongo liko juu ya seredani ya mkaa, ute umeshika mweupe pembeni, kijiko cha mti mkononi. Yale ni mafuta, tena mengi. Na pembeni ana kinu kidogo cha shaba na mchi wake, kitunguu chekundu, pilipili kavu. Kijana amebeba tikiti limefungwa kamba. Huyu mchoraji alikuwa anakaa jikoni.

#15 Mpaka Rangi
Mama Seredani, wasomi wanabishana hilo la mafuta au maji hadi leo. Wangekuita.

#16 Pwani Kavu
Wanaolipwa kubishana kuhusu mayai ya kukaanga wapo, na mimi niko hapa naamka alfajiri.

#17 Ruwenzori Mashariki
Ndugu zangu, naandika kutoka Brussels, kwetu ni Lubumbashi. Mmetaja Dublin mkapita haraka. Picha iliyoko Dublin ni ya mwanamke mweusi jikoni, ameinamia meza yenye mitungi, bakuli na kinu, sikio lake limeelekea nyuma. Miaka mingi watu waliijua kama picha ya mtumishi tu. Iliposafishwa mwaka 1933 kikaonekana kidirisha nyuma yake, na ndani yake Yesu aliyefufuka yuko mezani Emau. Huyo dada ndiye anayesikia kwanza. Velázquez hakuhitaji kwenda mbali kumpata, Sevilla ya wakati ule ilikuwa na Waafrika wengi sana, watumwa na walioachwa huru. Ilikuwa bandari ya biashara ya Amerika.

Pia msimsahau Juan de Pareja. Alizaliwa Antequera, mkoa wa Málaga, akawa mtumwa wa Velázquez mwenyewe, akimsaidia karakanani. Velázquez alimchora Roma mwaka 1650, na mwaka huo huo akasaini hati ya kumwacha huru. Picha hiyo iko New York, Metropolitan. Pareja akawa mchoraji kwa jina lake. Kazi yake kubwa, Wito wa Mtakatifu Mathayo ya 1661, iko Prado, na amejichora humo ndani upande wa kushoto, ameshika karatasi yenye saini yake.

Nilipokwenda Sevilla wiki ya Pasaka nilimfuata huyo Pareja kwa moyo, nikakuta kitu kingine. Kuna chama cha waumini kinaitwa Los Negritos. Kilianzishwa mwisho wa karne ya 14 na askofu mkuu Gonzalo de Mena kwa ajili ya watu weusi wa mji. Bado kipo, kina kanisa lake dogo, na hutoka kwenye maandamano Alhamisi Kuu. Wenyewe husimulia kwamba karne ya 17 wanachama wawili walijiuza ili chama kipate fedha za sherehe ya Bikira Maria. Siku hizi walio kwenye mstari karibu wote ni weupe. Nilisimama pembeni wakipita na sikujua nijisikie vipi.

#18 Binti Forodhani
Ruwenzori shukrani, hii sikuwahi kuisoma popote. Swali: zile kofia ndefu zilizochongoka zenye matundu ya macho, wewe hukuogopa?

#19 Ruwenzori Mashariki
Mwanzoni moyo ulinidunda, sitakudanganya. Lakini ni vazi la wanaotubu, la karne nyingi, wale wabaguzi wa Marekani walikuja nyuma sana. Wanajificha uso ili toba isiwe ya kujionyesha. Watoto wadogo huwaomba nta ya mishumaa wanatengeneza mpira, mwaka hadi mwaka unakua.

#20 Nyota ya Kusi
Nyongeza kwa wanaopanga. Pasaka ya 2026 ni tarehe 5 Aprili. Wiki inayotangulia, bei za vyumba hupanda vibaya na mitaa ya katikati hufungwa na umati, unaweza kushindwa kuvuka barabara kurudi ulikolala. Wiki mbili baadaye inakuja Feria, mahema, farasi, magauni ya madoadoa. Ila mahema mengi ya Feria ya Sevilla ni ya familia na makampuni, bila mwenyeji utaangalia mlangoni. Anayetaka picha na chakula kwa utulivu aende katikati ya hizo mbili, au mwezi wa tatu miti ya machungwa ya barabarani inapotoa maua, mji mzima unanukia.

#21 Kisu Butu
Hiyo miti ya machungwa barabarani watu hawachumi? Bongo yasingefika rangi.

#22 Pwani Kavu
Yale ni madanzi, ndugu. Chuma ule, utuletee mrejesho.

#23 Nyota ya Kusi
Ni madanzi kweli, machungu na makali. Waingereza huyanunua kwa ajili ya jemu yao. Ukitaka kuonja kistaarabu nenda nyumba ya watawa ya Santa Paula, masista wenyewe wanauza jemu. San Leandro wanauza vitamu vya viini vya mayai kupitia kidirisha cha mbao kinachozunguka: unaweka hela, unazungusha, boksi linakuja, sista humwoni. Mimi nililipenda hilo kuliko kanisa kuu lao, Mungu anisamehe.

#24 Sheikh wa Mtaa
Assalaam alaykum. Mmezunguka mayai na masista, hamjataja Giralda. Ule mnara wa kengele ulikuwa mnara wa adhana, ulikamilika 1198 chini ya Muwahhidun, watawala Waislamu wa wakati huo. Ndani hauna ngazi, kuna miteremko 35 ili mtu apande na mnyama wake. Kengele ziliongezwa juu karne ya 16. Na Alcázar, jumba la mfalme Mkristo Pedro, lilijengwa miaka ya 1360, soma kigae cha bluu kwenye uso wa jengo: *wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Allah, kimerudiwa na kurudiwa. Mafundi wengine walitoka Granada kwa Sultani. Wageni mia wanapita chini yake na simu juu, hakuna anayesoma.

#25 Kobe Mwendo
Wa alaykum salaam. Nilipita chini yake na simu juu, sheikh.

#26 Kwale Digital
Jameni mimi nasoma tu toka Mombasa. Gharama ni ngapi? Na makumbusho ati ni bure?

#27 Nyota ya Kusi
Bellas Artes ni bure kwa raia wa Umoja wa Ulaya. Mwenye pasipoti yetu analipa euro 1.50, hata ukiwa na kibali cha kuishi mfukoni wanaweza kukuuliza uraia. Jumatatu wamefunga. Tiketi ya kanisa kuu inakuingiza pia kanisa la El Salvador, anzia huko ukwepe foleni. Alhambra, ngome ya masultani wa Granada, ni habari nyingine, tiketi zina jina na namba ya pasipoti, na majumba ya Nasrid, ya masultani hao, yana saa yake. Ukichelewa hiyo saa imekula kwako. Nunua wiki kadhaa kabla.

#28 Bahari Mbili
Nawasoma tangu juzi nacheka. Mnalia na mji usio na picha, Málaga ipo hapo kwa treni. Picasso kazaliwa Plaza de la Merced 1881, kahama na wazazi 1891 akiwa mtoto, kazi zake zote kubwa kachora kwingine. Na bado mji una Makumbusho ya Picasso tangu 2003, ndani ya kasri la Buenavista, kwa sababu mkwewe Christine na mjukuu wake Bernard walitoa kazi. Halafu 2011 makumbusho ya Carmen Thyssen, 2015 tawi la Pompidou ya Paris na lile boksi la vioo vya rangi bandarini. Kwa hiyo hoja ya "aliondoka mapema" ya Mpaka Rangi imekufa. Sevilla walilala.

#29 Mpaka Rangi
Picasso alikufa 1973 na warithi wanajulikana kwa majina. Velázquez ana warithi gani wa kupigiwa simu? Unalinganisha vitu viwili tofauti.

Tena kuna sababu nyingine hamjaigusa. Mwaka 1729 hadi 1733 ikulu yote ilihamia Sevilla, na malkia Isabel de Farnesio akanunua Murillo kwa mkupuo. Ndizo ziko Prado. Kwa hiyo kabla Mfaransa hajafika, Madrid ilishakomba. Halafu 1835 na 1836 serikali ikafunga nyumba za watawa, mali zikatwaliwa, nyingine zikaingia Bellas Artes yenyewe, iliyo ndani ya nyumba ya watawa wa Merced, na nyingine zikaishia sokoni.

#30 Chumvi Nyingi
Basi eleza kwa nini ukumbi mkubwa wa Bellas Artes umejaa Murillo za watawa Wakapuchini. Kwa sababu waliziondoa mjini mapema, kabla Soult hajafika. Waliozificha wanazo, wasioficha hawana. Hoja yangu imesimama.

#31 Kobe Mwendo
Imesimama kwa Murillo. Velázquez bado.

Na niongeze moja: hata walipobaki nayo, nusura. Murillo alichora Mtakatifu Antonio kanisa kuu, 1656. Mwaka 1874 mwizi akamkata mtakatifu kwa kisu, akaacha turubai lina tundu. Mtakatifu akapatikana New York, 1875 akarudishwa, wakamshona. Ukitazama kwa pembeni mwanga ukiwa mzuri, mshono unauona.

#32 Kisu Butu
Bahari Mbili, huko Málaga dagaa wakubwa wa kuchoma kwenye mti ndio wenyewe?

#33 Bahari Mbili
Espetos. Wanachomekwa kwenye kijiti cha mwanzi, moto unawashwa ndani ya mtumbwi uliojazwa mchanga, ufukweni Pedregalejo. Chumvi tu, basi. Vidole ndiyo uma. Halali kwa wote, Binti Forodhani.

#34 Nyota ya Kusi
Kamwambie ukweli wote. Wenyeji wa Málaga husema espeto ni wa mwezi usio na "r" kwenye jina lake la Kihispania, yaani Mei hadi Agosti, ndipo samaki ana mafuta. Aprili utauziwa, lakini si ule. Sevilla majira hayo hayo, mwisho wa Aprili na Mei, baa zinabandika karatasi: *hay caracoles*. Konokono wadogo kwenye bakuli la mchuzi wa viungo.

#35 Pwani Kavu
Konokono hapana.

#36 Mama Seredani
Mchuzi wake una nini? Pilipili na bizari?

#37 Nyota ya Kusi
Bizari nyembamba, giligilani, shamari, vitunguu saumu na pilipili. Mchuzi wananywa wenyewe mpaka chini.

#38 Mama Seredani
Mchuzi nitajaribu. Nitatia pweza.

#39 Ruwenzori Mashariki
Mama, ukipika weka picha hapa.

#40 Kwale Digital
Swali la mwisho. Huko Málaga kanisa kuu lina mnara mmoja, wa pili haukuisha. Nimesoma ati pesa zilitumwa kusaidia Wamarekani kupigana na Waingereza. Ni kweli?

#41 Bahari Mbili
Kweli kabisa, kuna kibao kinasema hivyo. Ujenzi ulisimama 1782. Wanaliita La Manquita, mwenye mkono mmoja.

#42 Mpaka Rangi
Kibao kinasema, lakini wapo wanaosema fedha zilikwenda kujenga barabara za Antequera na Vélez.

#43 Chumvi Nyingi
Au Wafaransa.

#44 Kobe Mwendo
Kwale, la mnara lifungulie uzi wake tafadhali, humu Chumvi Nyingi hatamaliza.